Je, Wajua? Roshani ya Baharini kwa Macho ya Mpangaji wa Satellite

Je, wajua kwamba vyumba viwili ndani ya meli moja ya kitalii, vyote vikiwa na roshani, kitanda cha aina moja na bei iliyokaribiana, vinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi? Kimoja kinatazama bahari hadi upeo wa macho. Cha pili kinatazama tumbo la boti ya uokoaji lililopakwa rangi ya machungwa. Mkazi wa mtaa wa Satellite, Nairobi, hahitaji kufunzwa jambo hili. Anapotafuta nyumba ya kupanga kando ya Naivasha Road haulizi tu kama kuna balkoni, anauliza inatazama wapi. Ukuta wa ploti jirani uko umbali gani? Jua linafika saa ngapi ili nguo zikauke? Baa iko ghorofa gani, na tangi la maji limewekwa juu ya chumba cha nani? Akienda na maswali hayo hayo melini, hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Je, wajua vyumba vya meli hizi huuzwa kwa madaraja manne makuu? Kuna cha ndani, kisicho na dirisha kabisa. Kuna chenye dirisha lisilofunguka. Kuna chenye roshani. Halafu suiti, ambayo ni ya watu wasiouliza bei. Roshani ya chumba cha kawaida ni nafasi ya viti viwili na kimeza. Ukinyoosha miguu umeimaliza.

Je, wajua bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja? Anayesafiri peke yake anaweza kutozwa hadi maradufu, maana kampuni inahesabu kitanda cha pili kama kimekaliwa. Hapa ndipo wengi hushtukia wakiwa wameshatoa kadi.

Je, wajua roshani ilikuwa anasa ya watu wa kuhesabika kwa miongo mingi? Titanic ya mwaka 1912, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa na vyumba viwili tu vya kifahari vyenye baraza ya faragha, kila baraza ikiwa na urefu wa mita 15 hivi. Kimoja kilikaliwa na Bruce Ismay, mkuu wa kampuni iliyoimiliki meli yenyewe. Baadaye Waitaliano wakaja na Saturnia, iliyoanza safari mwaka 1927, pamoja na dada yake Vulcania, ambazo baadhi ya vyumba vyake vya daraja la kwanza vilikuwa na roshani. Na meli hizo za kifahari zilifika kwetu, ingawa si kwa starehe: Italia iliposhindwa Ethiopia, Eritrea na Somalia katika Vita Vikuu vya Pili, zilitumwa mwaka 1942 na 1943 kuwachukua raia wa Kiitaliano, wengi wao wanawake na watoto. Zilipakwa rangi nyeupe na misalaba myekundu, zikazunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema badala ya kukata njia Suez. Wiki nyingi baharini, na sidhani kuna aliyekuwa na hamu ya kukalia kiti cha roshani.

Meli ya Royal Princess ndiyo iliyoanza kuigeuza biashara. Iliundwa Helsinki, ikazinduliwa na Binti Mfalme Diana huko Southampton mwezi Novemba 1984. Haikuwa na chumba cha ndani hata kimoja, na roshani zake zilikuwa nyingi kuliko ilivyozoeleka wakati huo. Tangu hapo wachoraji wa meli wamekuwa wakipanga roshani ubavuni kama visanduku vya posta.

Je, wajua kiwanda kilichounda Norwegian Dawn, meli iliyofunga gati Mombasa mwanzoni mwa 2024 ikiwa na abiria zaidi ya 2,000, ndicho kilichounda Liemba ya Ziwa Tanganyika? Kinaitwa Meyer Werft, kiko Papenburg nchini Ujerumani, na kilianzishwa mwaka 1795. Kiko bara, kando ya mto Ems, kwa hivyo meli mpya zikikamilika huvutwa kinyumenyume, tezi mbele na omo nyuma, hadi baharini. Liemba haikupitia mto huo ikiwa meli kamili. Iliundwa 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa ndani ya masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma ikaungwe upya. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isichukuliwe na adui, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito. Grisi ilifanya kazi: meli iliinuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Daraja lake la kwanza lilikuwa chumba kidogo chenye vitanda viwili vya kupandana na dirisha. Aliyetaka roshani alitoka nje, akasimama kwenye sitaha pamoja na magunia ya dagaa na watu wa Kigoma.

Norwegian Dawn nayo iliundwa hapo hapo mwaka 2002, lakini vyumba vya meli za siku hizi haviungwi ubao kwa ubao. Kila chumba hutengenezwa kando kikiwa kizima, na choo chake, kioo na taa, kisha kinasukumwa ndani ya meli kama mtoto wa meza. Ndiyo maana chumba cha sitaha ya 8 na cha sitaha ya 10 hufanana kama pacha, na ndiyo maana cha kuchagua si chumba. Unachagua mahali.

Kuhusu mahali, basi.

Katikati ya meli, chini, ndiko kusikotikisika sana. Omo hupanda na kushuka, tezi huwa na mtetemo wa mitambo, na kadiri unavyopanda juu ndivyo meli inavyoyumba zaidi ikipigwa ubavuni. Kama tumbo lako huchafuka kwenye feri ya Zanzibar, sahau roshani ya sitaha ya juu kabisa hata ukipunguziwa bei. Bila shaka chini sana hakuna roshani. Kwa hivyo mtu wa kichefuchefu hutafuta ya chini katika zile zilizopo, katikati.

Je, wajua chumba bora kwa usingizi ni kile chenye vyumba juu yake na vyumba chini yake? Kilicho chini ya bwawa la kuogelea kitasikia viti vikiburutwa alfajiri. Kilicho juu ya ukumbi wa muziki kitasikia ngoma hadi usiku wa manane. Kilicho karibu na lifti kitasikia kila mlevi akirudi kwake. Ramani ya sitaha hutolewa bure na kampuni zote; weka ya sitaha ya juu na ya chini pamoja na ya kwako, uzitazame kwa zamu. Sehemu nyeupe isiyoandikwa kitu kwenye ramani, iliyo jirani na chumba chako, si bahati. Mara nyingi ni stoo, jiko au njia ya wafanyakazi wenye vitoroli.

Je, wajua boti za uokoaji huhesabiwa kwa namba witiri upande wa kulia wa meli na namba shufwa upande wa kushoto? Hivyo boti namba 7 iko kulia, namba 8 kushoto, ukiwa umetazama omo. Vyumba vilivyo nyuma ya boti hizo huuzwa kama vyenye mandhari yaliyozibwa. Kuna wanaovipenda kwa sababu ni nafuu na mwanga unaingia. Mimi nasema kama ni kutazama boti, chukua cha ndani na upeleke tofauti ya bei kwenye matembezi ya bandarini.

Sasa upande. Wauzaji wa safari hupenda kusema upande wowote ni sawa. Si sawa kwa pwani yetu. Chukua meli inayotoka Mombasa kwenda Zanzibar. Inaelekea kusini, kwa hivyo kulia ni magharibi: huko ndiko kwenye bara, na kukiwa kweupe milima ya Usambara nyuma ya Tanga, na huko ndiko jua linakozama. Kushoto ni Pemba, na ni mawio. Upepo nao? Kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki. Kusi, wa kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hutoka kusini mashariki. Pepo zote mbili zinaipata meli hiyo upande wa kushoto, mmoja kwa nyuma na mwingine kwa mbele. Basi anayetaka machweo na utulivu wa kunywa chai achukue kulia wakati wa kwenda, na kushoto wakati wa kurudi. Anayetaka upepo wa kumpoza afanye kinyume. Ila tatizo ni kwamba meli nyingi husafiri usiku ili abiria waamke bandarini, na kwenye safari fupi kama hii unaweza kulipia roshani ya kutazama giza. Roshani hulipa gharama yake pale penye siku nzima za baharini, au meli inapopita karibu na nchi kavu mchana.

Je, wajua meli ikiingia bandari ya Kilindini, kisiwa cha Mombasa huwa upande wake wa kulia na Likoni kushoto? Aliye na roshani ya kulia anapita mbele ya bustani ya Mama Ngina, mibuyu yake na wauzaji wa mihogo ya kukaanga na madafu, na watu waliokaa ukingoni kutazama meli wanampungia mkono. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, haimo kwenye picha hiyo; inaelekea bandari ya zamani, upande wa pili wa kisiwa. Wageni wengi huitafuta kwenye roshani zao bure.

Meli ikishafunga, abiria hupitia kituo kipya cha bandari kilichotokana na ghala kuukuu lililokarabatiwa kwa ajili yao. Si wa kwanza kuja kwa anasa: miaka ya 1990 Mombasa ilikuwa na meli yake ya kitalii, Royal Star, iliyoundwa Italia miaka ya 1950 na kuendeshwa na African Safari Club. Ilizunguka Zanzibar na visiwa vya Bahari ya Hindi. Kabla yake kulikuwa na SS Kenya ya 1951 na SS Uganda ya 1952, zilizounganisha London na Afrika Mashariki, na zile za Bombay, Kampala na Karanja, ambazo abiria wake wengi walilala juu ya sitaha na matandiko yao wenyewe. Upepo wa bahari waliupata kuliko tajiri yeyote wa leo, na mvua pia.

Je, wajua Karen Blixen, ambaye mtaa wa Karen unahusishwa naye hadi leo, alifika Mombasa Januari 1914 kwa meli ya Kijerumani iitwayo Admiral, na kwenye sitaha yake akafanya urafiki na Paul von Lettow-Vorbeck? Mwanajeshi huyo alikuwa akienda kushika amri ya majeshi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa vitani na Waingereza. Siku zile abiria hakuwa na roshani ya kujifichia. Alikaa sitahani kwenye kiti cha kuegemea, na jirani wa kiti ndiye aliyekuwa mazungumzo ya safari.

Wa Satellite atafika Mombasa kwa treni, nayo haina roshani, lakini ina upande. Ukitoka Syokimau na kutazama mbele, Kilimanjaro iko kulia, kukiwa kweupe asubuhi. Tsavo Magharibi iko kulia pia, Tsavo Mashariki kushoto, na tembo hawajali tiketi yako ni ya upande gani. Daraja la kwanza lina viti viwili kila upande; la kawaida lina vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vikitazamana, kwa hivyo unaweza kujikuta unasafiri kinyumenyume kama meli ya mto Ems.

Aliyepata roshani ya kweli kwenye reli yetu ni Theodore Roosevelt. Alipokuja kuwinda mwaka 1909, muda mfupi baada ya kutoka madarakani Marekani, alipanda treni ya Mombasa akakaa kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini, akipita katikati ya wanyama bila kioo. Miaka tisa kabla, mwezi Juni 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani ya behewa kwenye stesheni ya Kima akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Wenzake wawili walikuwa wamelala humo humo. Simba aliingia kwa mlango, akamrukia Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa lenyewe lipo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, mwendo mfupi kutoka stesheni kuu, na ukisimama kando ya dirisha lile unaona lilivyo dogo.

Je, wajua kwamba hata roshani ya baharini imewahi kuwa mahali pa hatari katika maji yetu? Tarehe 5 Novemba 2005, Seabourn Spirit ikitoka Misri kuja Mombasa ilishambuliwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia. Waliirushia risasi na roketi, na roketi moja ilipiga chumba cha abiria. Walinzi walitumia kifaa kinachotoa sauti kali ya kuumiza masikio, nahodha akaongeza mwendo, na meli ikaenda Shelisheli badala ya Mombasa. Kwa miaka kadhaa baadaye meli zilizopita Ghuba ya Aden ziliwaomba abiria wazime taa za roshani na kufunga mapazia usiku.

Moto umeleta mabadiliko makubwa zaidi. Alfajiri ya tarehe 23 Machi 2006, Star Princess ikielekea Jamaika, moto ulianza kwenye roshani moja, na wachunguzi waliona chanzo kinachoelekea zaidi ni kipande cha sigara. Viti vilikuwa vya plastiki, vigawanyo kati ya roshani na roshani vilikuwa vya plastiki, na upepo wa mwendo ukafanya kazi iliyobaki: moto ukapanda sitaha hadi sitaha kwa upande wa nje, ambako hakukuwa na mabomba ya kunyunyiza maji. Abiria mmoja alifariki. Shirika la kimataifa la usafiri wa majini, IMO, lilibadili kanuni, na kuanzia Julai 2008 roshani zilitakiwa ziwe na vifaa visivyoshika moto kwa urahisi, au vitambuzi na vinyunyizio. Leo kampuni nyingi zimepiga marufuku sigara kwenye roshani. Nyingi pia hukataza kuanika nguo nje, jambo ambalo mtu wa fleti atalipokea kwa uchungu.

Kimo cha kingo nacho kina sheria. Ile ya Marekani ya mwaka 2010 inataka kisipungue inchi 42, yaani sentimita 107 hivi, na inataka kila mlango wa chumba uwe na tundu la kuchungulia anayebisha. Mwenye watoto wadogo aangalie jambo jingine: kiti kilichoegeshwa ukingoni ni ngazi.

Je, wajua kuna roshani zisizoona bahari? Oasis of the Seas, ya mwaka 2009, ina roshani zinazotazama ndani ya meli, juu ya bustani yenye miti halisi. Jirani wa ng'ambo anakuona ukipiga mswaki. Na kuna roshani zisizokuwepo: Navigator of the Seas ilipokarabatiwa mwaka 2014 baadhi ya vyumba vya ndani vilipewa skrini kubwa kutoka sakafuni hadi darini, inayoonyesha bahari ya nje moja kwa moja, pamoja na sauti.

Wasio na roshani wala skrini ni wafanyakazi. Vijana wa Kenya wanaoajiriwa kwenye meli hizi kama wahudumu, wapishi au walinzi hulala sitaha za chini, mara nyingi wawili chumba kimoja, bila dirisha. Ukitaka kujua chumba kipi hakitikisiki na kipi kina kelele, muulize mmoja wao akiwa likizo nyumbani. Atakujibu vizuri kuliko kijitabu chochote cha matangazo.

Mambo mawili ya haraka kabla ya kulipa. Tiketi ya bei poa ambayo kampuni ndiyo inayokuchagulia chumba inakuhakikishia daraja, si mahali, na boti ya rangi ya machungwa inakungoja. Pili, kwa pasipoti ya Kenya, meli inayotoka Ulaya, ikatia nanga nje ya eneo la Schengen kisha ikarudi, inataka viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye ya mara moja anaweza kukatazwa kupanda hata kama roshani ameshailipia.

Je, wajua, mwisho, kwamba roshani iliyo upande wa gati ndiyo yenye burudani dakika za kuondoka? Abiria hutakiwa wawe ndani nusu saa au zaidi kabla ya ngazi kuinuliwa, na waliochelewa huonekana wakikimbia na mifuko ya zawadi huku mamia wakiwashangilia kutoka juu. Machi 2024 Norwegian Dawn, ile ile ya Mombasa, iliondoka São Tomé na kuwaacha abiria 8 waliokuwa matembezini. Waliifukuza nchi kwa nchi. Gambia waliikosa kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa na meli haikuweza kufunga gati, hivyo ikabidi wasafiri kwa barabara hadi Dakar, Senegal, ndiko walikoikuta.